Siku Watoto wa Kimulot Walipofuta Wimbo wa Rodah

Rodah Chepchirchir hutulii naye. Ukimkaribisha chai anaipokea akiwa amesimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mwingine nje, na kabla hujaketi wewe amemaliza na kukurudishia kikombe. Alikuwa hivyo tukiwa naye darasa la tano hapa Kimulot, na yuko hivyo leo akiwa na miaka arobaini na saba, mjane, mwenye ekari moja ya majani chai, ng'ombe mmoja na wimbo mmoja.

Huo wimbo aliutunga akichuma majani, kwa Kipsigis, kumshukuru Mungu kwa kuamka salama. Akaenda kuurekodi Sotik kwa kijana mmoja mwenye kompyuta na magodoro yaliyopigiliwa ukutani. Alirudi na CD. Mwezi haukuisha, wimbo ulikuwa kila mahali. Sisi huku tukishapeleka majani jioni kupimwa senta, tunangoja lori la kiwanda, na mikono haina kazi. Basi tunatumiana nyimbo kwa simu. Kumnyima mwenzako wimbo pale ni kama kumnyima maziwa na kibuyu kimejaa. Hakuna aliyemuuliza Rodah. Hata mimi sikumuuliza, na ni rafiki yangu.

Alivumilia miaka miwili. Kisha siku ya soko huko Chepilat akajisikia mwenyewe akiimba kwenye spika kubwa. Lilikuwa duka la Phelix Oketch, kijana anayewawekea watu nyimbo na filamu kwenye flashi. Tena alikuwa ameuweka wimbo kwenye mtandao wake, watu waupakue bure.

"Huu wimbo umeutoa wapi?"

"Uko tu, mathe. Nikuwekee?"

"Uko tu! Mwenyewe ni mimi."

Phelix akacheka. "Basi nishukuru. Nimekufanya staa na hujaninunulia hata soda."

Aliacha kucheka Rodah aliporudi na barua ya chifu. Akaufuta pale pale, kwenye kompyuta na kwenye mtandao, jasho likimtoka.

"Sasa naanza na watoto," Rodah aliniambia siku hiyo, kikombe mkononi. "Nyinyi wakubwa mmeshaharibika."

Yeye ndiye mwalimu wa watoto kanisani kwetu. Jumapili iliyofuata mimi nilikuwa nyuma nikifuta viti, kwa hiyo nilisikia kila neno.

"Nani kwao wana namba ya majani?"

Mikono yote juu. Huku mtoto anajua namba ya mkulima ya baba yake kabla hajajua Baba Yetu.

"Haya. Mtu akiingia shamba lenu, achume majani mliyopalilia nyinyi, halafu ayapime senta kwa namba yake. Huyo anaitwaje?"

"Mwizi!"

"Akisema, lakini nimewaachia mengi kwa miti?"

"Mwizi!"

"Akisema, mimi siuzi, nayapika tu kwangu?"

Wakasita kidogo, wakatazamana. "Bado mwizi, tichaa."

"Vizuri. Wimbo nao una namba ya mwenyewe. Filamu inayo. Kitabu kinacho. Hamuioni, lakini iko. Ukiingia kwa mtandao ukadanlodi bure kitu ambacho mwenyewe hakukiweka hapo, umeingia shamba la watu na kikapu mgongoni."

Chelimo wangu, aliye na miaka kumi na mmoja na mdomo wa arobaini, akanyoosha mkono. "Tichaa, na kama kikapu kimeshajaa?"

"Mwaga!" Rodah akasema. "Futa. Leo leo."

Somo likaishia hapo. Nilifikiri limekuwa zuri, na lilikuwa zuri. Tulichosahau, yeye na mimi, ni kwamba huku simu ni za watoto. Sisi tunabonyeza kijani kupokea na nyekundu kukata. Mengine yote ni yao: wao ndio wanaotafuta wimbo, wao ndio wanaojua namba za siri za mama zao. Jumapili hiyo mchana kulikuwa na kimya kizuri cha ajabu, watoto wote wamejikunja kwenye kona na simu za wazazi. Nikasema, Mungu ashukuriwe, wametulia.

Jumatatu Rodah akapigiwa simu. Watu wanaoandikisha wanamuziki wangekuja Kericho Alhamisi, siku moja tu. Alete kitambulisho na wimbo wenyewe kwenye flashi. Wimbo ukishaandikwa kwa jina lake, hakuna wa kumgusa. Usipoandikwa, yeyote mwenye sauti anaweza kuuvaa. Na tayari kulikuwa na mama mmoja wa Kedowa anayeuimba kwenye harusi na kuwaambia watu kwamba yeye ndiye aliyeutunga. Rodah alikuwa ameletewa hiyo habari na watu watatu tofauti, na kila mmoja alipoondoka alimwacha akizunguka boma kama kuku anayetafuta mahali pa kutagia.

Akatoa CD yake kabatini. Panya walikuwa wameila ukingo mzima. Akampigia yule kijana wa Sotik: kompyuta iliibiwa, yeye mwenyewe yuko Eldoret anaendesha bodaboda. Simu ya Rodah ni ile ndogo ya vitufe, haina nafasi hata ya picha.

Akafika kwangu akihema. "Mama Chelimo, lete simu yako. Upesi."

Nikamwita Chelimo aufungue wimbo.

"Haupo," Chelimo akasema.

"Haupo vipi?"

"Nilifuta. Zote mia mbili na kumi. Ulisema leo leo, tichaa."

Rodah akainyakua simu, akaigeuza mbele na nyuma. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa najua kwamba sina hata wimbo mmoja.

Tukatoka. Siku hiyo na kesho yake tulipiga hodi nyumba kwa nyumba, matope mpaka kwenye magoti, Rodah mbele, mimi nyuma nikimwambia apunguze mwendo. Kila nyumba jibu ni lile lile, na mtoto amesimama hapo akingoja kusifiwa. Kwa Janefer, ambaye shamba lake linapakana na langu, tulipata zaidi ya jibu.

"Jumapili umetuita wezi mbele ya watoto wetu," Janefer akasema, mikono kiunoni. "Leo umekuja kutafuta mali ya wizi?"

"Janefer, nisaidie."

"Nikusaidie na nini? Kiplimo wangu alifuta mpaka nyimbo za harusi yangu. Sasa nachuma majani kimya kama niko matanga."

Rodah akampigia hata Phelix. Nilisikia sauti ya kijana ikitoka kwenye simu. "Mathe, ulinisimamia hapa na barua ya chifu. Ningebaki nao namna gani?" Halafu akasema, kwa upole kabisa, "Pole, lakini. Ulikuwa wimbo mzuri."

Jumatano Rodah hakuchuma majani. Hakula. Alisonga ugali akaupa mbwa. Saa kumi jioni nilimkuta njiani akielekea chini kwa Mzee Kiptum, nikamfuata, na Chelimo akatufuata na simu yangu. Mzee hana mtoto nyumbani, wote wameoa na kuolewa, kwa hiyo sisi hatukuwa tumemfikiria. Nani angefikiri mzee wa miaka themanini ana nyimbo?

Tulipofika kwenye ua tukasikia. Rodah akanishika mkono mpaka ukauma. Ilikuwa sauti yake, ikitoka kwenye kibanda cha ng'ombe.

Mzee alituona akaruka kutoka kwenye kigoda. Alikuwa na redio ndogo ya kadi, ameitundika kwenye msumari. Aliizima, akaitia ndani ya koti, akafunga vifungo vyote.

"Sina kitu," akasema.

"Mzee, nimesikia."

"Ni ng'ombe, si mimi! Bila huo wimbo hashushi maziwa. Chepchirchir, mwanangu, usinipeleke kwa chifu. Chukua jogoo. Chukua hata wawili."

"Sitaki jogoo! Nataka wimbo."

"Uniombe mimi wimbo wako?"

"Ndiyo. Nakuomba."

Mzee akachungulia nyuma yetu, kama mtu anayetafuta mtego uko wapi. Kisha akafungua koti, akatoa redio, na kadi ikatoka kwenye redio. Chelimo akaiingiza kwenye simu. Wimbo ulikuwepo. Lakini badala ya kuuchukua, mtoto akainua macho kwa mzee, ambaye watoto wetu wote humwita kugo, babu.

"Kugo amekubali?"

"Chelimo!" nikasema.

"Wimbo ni wa tichaa," akasema, "lakini kadi ni ya kugo."

"Nimekubali, nimekubali," Mzee Kiptum akasema. "Toeni haraka, ng'ombe ananiangalia." Wimbo ulipokwisha kuhamia kwenye simu akapokea kadi yake, akaishika kwa vidole viwili. "Na mimi sasa nifute?"

Rodah aliokota kijiti. Akakwangua matope kwenye kiatu.

"Usifute. Nimekupa mimi, leo."

"Leo? Ninao miaka miwili."

"Mzee, nimesema leo."

Chelimo naye hawezi kuacha jambo lipite. "Kwa hiyo mtu angeuliza tu, ungempa?"

"Wengine ningewapa."

"Mbona hukutuambia Jumapili?"

"Jumapili nilikuwa na hasira," Rodah akasema, akatupa kijiti.

Alhamisi tulikuwa Kericho kabla ya mlango kufunguliwa, wimbo uko kwenye flashi, flashi imefungwa kwenye leso, leso iko kifuani. Zamu yetu ilipofika, msichana wa ofisi akavaa vile vya masikioni akasikiliza. Sisi hatukusikia chochote. Rodah alimtazama usoni, akatazama kompyuta, akazunguka upande wa pili wa meza mpaka akaambiwa arudi. Msichana akaandika, akauliza jina la baba, akaandika tena.

"Kuna yeyote uliyempa ruhusa ya kuutumia? Kampuni? Redio?"

"Kiptum," Rodah akasema.

"Kiptum ni redio ya wapi?"

"Ni mzee. Ana ng'ombe."

Msichana akacheka, akaona Rodah hacheki. "Nimwandike?"

"Mwandike."

Akamwandika, akagonga muhuri. Rodah aliisoma karatasi mara mbili palepale, watu wakisukumana nyuma yetu, kidole chake kikifuata jina lake herufi kwa herufi. Wino wa muhuri ulikuwa bado mbichi. Akaipuliza, akaikunja, akamgeukia askari wa mlangoni kumuuliza magari ya Kedowa, kwa yule mama wa harusi, yanatokea upande gani.