Jibu Lipo

Mhadhiri wa hesabu humaliza kila somo vilevile: huthibitisha kwamba mlinganyo wake wa joto lililotulia ndani ya chuma una jibu, kisha hutia chaki mfukoni. Mwanafunzi akiuliza jibu lenyewe ni lipi, hununa kama aliyetukanwa.

Leo yeye na mkewe Lornah wamefungiwa nje kwao Uthiru, mvua inanyesha. Lornah alipoteza ufunguo wake mwezi jana, akasemwa wiki nzima.

"Wangu upo," mhadhiri anamhakikishia kwa sauti ya darasani. "Lazima uwepo."

"Uko wapi sasa, Baba Joash?"

Ananuna. Lornah anaita fundi, kitasa kinavunjwa. Ndani, mhadhiri anakung'uta mfuko wa koti alilovaa: chaki, chaki, funguo mbili, wake na ule wa Lornah.

"Unaona?" anasema, uso uking'aa. "Na sikusema ni mmoja tu."