Herufi E Isiyo na Diski

Kompyuta yangu hapa nyumbani, Gongoni, ilikuwa na herufi E, alama ya diski yangu ya pili. Diski yenyewe iliharibika mwaka juzi nikaitupa, herufi ikabaki. Ukiibofya, unaambiwa uchomeke diski. Kila aliyenishauri niiondoe nilimjibu kwamba kilichoandikwa hakifutwi hivi hivi.

Ndivyo nilivyofanya kazi. Enzi za Ujamaa nilikuwa katibu wa kijiji kipya upande wa Urambo, kalamu tatu mfukoni na akili haba. Tuliwahamisha watu, tukawapanga kwa mistari, nami nikaandika kila kaya daftarini. Haikupita wiki mbili, mstari wa tano wote ukarudi kimyakimya kwenye mahame yake, mama mkwe wangu akiwemo. Sikumfuta mtu. Bwana mkubwa alipokuja kukagua, nilimsomea majina kwa sauti ya mhubiri: yupo, yupo, yupo. Akanisifu mbele ya kijiji, nikavimba kichwa.

Mvua zilipokolea, kuhara kukaingia. Mke wangu alikuwa Tabora mjini, amekwenda kujifungua. Mhudumu wa zahanati akaja na baiskeli na sanduku la dawa, akaniuliza kama kuna watu waliobaki kwenye mahame. Nilijua wapo. Nilifungua daftari, nikamwonyesha.

"Wote wako hapa," nikasema.

Akageuza baiskeli. Mama mkwe alikufa kule siku ya nne.

Juzi mke wangu alivuta kiti akakaa kando yangu. "Mzee, itoe hiyo E. Inanikera."

Nikaingia kwenye orodha ya diski, nikachagua kuondoa herufi. Kompyuta ikaonya kwamba huenda kuna programu zinazoitegemea, ikauliza kama nina uhakika. Nikaanza kumweleza mke wangu kuhusu utaratibu, athari, na haja ya kutafakari kwanza. Nilikuwa na hotuba nzuri kabisa.

"Bonyeza," akasema.

Nikabonyeza. E ikatoweka. Hakuna kilichoharibika.

"Kumbe ni kazi ya dakika moja," akasema. Hakunitazama. "Miaka yote hii nilikuwa najiambia labda hukujua mama yuko wapi. Ulijua?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Nilijua," nikamwambia.

Akainuka, akarudisha kiti mahali pake, akaenda kulala chumba cha wageni.