Wifi Yangu Anashuka Magamba

Wifi yangu Selina akisema jambo, ujue limekwisha. Aliposema atakwenda kazini kwa baiskeli, kutoka kwetu Magamba hadi Lushoto mjini, majirani walicheka wakashika mbavu. Mama mzima, mwimbaji wa kwaya! Mimi niliwaambia wakacheke kwao. Kwani wao ndio wangepika uji wa watoto pale chekechea? Gari za asubuhi haziondoki mpaka zijae, na mwalimu mkuu wake alishamwonya: akichelewa tena, kibarua kimeota nyasi.

Shida haikuwa majirani. Shida ilikuwa kaka yangu Rubeni, mume wake. Miaka ya nyuma Rubeni alikuwa akishusha kabichi kwa baiskeli, breki zikakatika kwenye kona kali chini ya msitu, na tangu siku hiyo anatembelea fimbo. Selina alipoingiza baiskeli uani, Rubeni aliitazama, akaingia ndani, akafunga mlango. Alinuna. Na Rubeni akinuna, jamani, hata kuku wanajua.

Selina hakurudi nyuma. Alimpelekea fundi Zuberi ile baiskeli, akabadilishiwa waya na raba za breki, mbele na nyuma. Akanunua taa, maana ukungu wa kwetu asubuhi si wa mchezo. Akatafuta koti la mvua, glavu za sufu, na suruali ya kuvaa ndani ya gauni ili upepo usimwaibishe. Sare ya kazi akaifunga kwenye mfuko wa plastiki, akaipanga kwenye karia. Jioni alifanya mazoezi uwanja wa kanisa, mimi nikimshikilia kwa nyuma na kumfokea kila akiyumba. Alianguka, akainuka, akacheka.

Lakini tulipokuwa wawili tu jikoni aliniambia, "Wifi, mlima siuogopi. Naogopa kuondoka huku ameninunia." Moyo uliniuma.

Siku yenyewe ya kuanza nikaenda kumsindikiza. Nilimkuta amesimama uani na koti lake na glavu zake. Baiskeli haipo. Rubeni naye hayupo.

"Ameificha," alisema Selina, machozi yakamtoka.

Weee! Nilipandwa na hasira masikio yakawaka moto. Kaka yangu tumbo moja, lakini niliapa siku hiyo angenitambua. Nikamshika Selina mkono. "Twende kwa miguu, tukimbie. Huyo nitamshughulikia mimi." Tukateremka barabara tukihema, nami namsema Rubeni kwa Kiswahili na kwa Kishambaa, maana lugha moja haikutosha.

Tulipoimaliza ile kona kali, tukaona taa inawaka ndani ya ukungu. Rubeni alikuwa amesimama kando ya barabara, mkono mmoja umeshika fimbo, mwingine umeshika baiskeli. Suruali yake ilikuwa imelowa umande hadi magotini. Alikuwa ameishusha mwenyewe, kwa mguu ule ule mbovu.

"Shikamoo, kaka," nilisema. Maneno yote niliyokuwa nimemwandalia yalikuwa yameniishia.

Alikuwa akimtazama mke wake. "Breki nimezijaribu njia nzima," alisema. "Zinakamata. Kona nimekuvushia, kuanzia hapa barabara haina neno. Ukifika darajani kule chini, piga kengele nisikie. Haya, panda, watoto wanasubiri uji."

Selina alijifuta uso kwa glavu, akapanda. Rubeni akaegemeza fimbo kwenye ngema ya udongo kando ya barabara, akashika karia kwa mikono miwili, akachechemea naye hatua chache, kisha akamwachia. Ukungu ukammeza.

Tulisubiri. Rubeni alitega sikio, nami kwa mara ya kwanza maishani nilinyamaza. Kisha kengele ikalia kule chini, mara mbili. Kaka yangu aliketi palepale kwenye majani mabichi, akalia kwa sauti. Nikaketi naye.