Maziwa Niliyompa Paka wa Ghala

Nakumbuka siku niliyokaribia kumuua paka kwa kumpenda, mwanangu, na hadi leo nikishika kikombe cha maziwa huwa inanirudia. Nilikuwa binti wa miaka kumi na tisa, na kijiji chetu cha ujamaa kule Zagayu kilikuwa kimenikabidhi ghala la mahindi. Shule sikuisoma sana. Nilijifundisha mwenyewe kwa vijitabu vya ufugaji, na niliogopa kukosea kuliko nilivyoogopa njaa.

Panya wa ghala walimwogopa paka mmoja wa kijivu. Tulimwita Katibu, kwa kuwa hakukosa mkutano wa kijiji hata mmoja. Basi Katibu akaanza kuharisha. Sisi Wasukuma, kwetu maziwa ni chakula na ni dawa, mtoto akilegea anapewa maziwa. Nikampa asubuhi, akaharisha. Nikamwongezea mchana, akaharisha zaidi. Nikadhani hayajatosha. Siku ya tatu macho yalikuwa yameingia ndani na kusimama hawezi. Nikatoa kidonge cha minyoo cha ng'ombe, nikakikata nusu, kisha nusu ya nusu, nikabaki nakitazama bila kuthubutu kumpa.

Jirani yangu, mama mzee tuliyemwita Mayu Kabula, yaani Mama Kabula, akanikuta hapo.

"Kitabu chako kinasema paka apewe kiasi gani?"

"Hakisemi, mayu. Kinasema ng'ombe."

"Na huyu ana pembe?"

Nikakiweka kidonge chini.

"Kila ukimpa maziwa anaharisha. Mimi nimeona tangu juzi, nikajua wewe msomaji umeona pia. Mpeleke kwa bwana mifugo, Bariadi. Na hayo maziwa lete huku, ninywe mimi."

Nikuambie ukweli, mwanangu. Wazo la kwenda kuuliza nilikuwa nalo tangu siku ya kwanza. Niliona haya tu, watu wasije wakasema msoma vitabu kashindwa na paka.

Nikamtia kikapuni, nikapanda lori la pamba. Bwana mifugo akampapasa tumbo, akauliza, "Umempa nini?" Ulimi ulitaka kusema sikumpa kitu.

"Maziwa," nikasema. "Mengi. Siku tatu."

"Afadhali umesema. Ungeficha, ningeanza kutafuta sumu."

Akanieleza kwamba paka wengi wakubwa matumbo yao hayayawezi maziwa, na mwenye kuharisha ndiyo kabisa. Alimpima uzito kwanza, akamchoma sindano ya maji chini ya ngozi, akampa dawa ya minyoo kidogo sana, ya kadiri yake. Nyumbani nikampa maji safi kidogo kidogo, na samaki wa kuchemsha asiye na chumvi wala miiba.

Wiki iliyofuata, mkutano ukiwa haujaanza, Katibu akapita katikati ya watu, amekonda, mkia juu, akaketi mbele ya meza. Mwenyekiti akamtazama. "Katibu amefika," akasema, "tufungue mkutano." Nililia mbele ya kijiji kizima, na sikuona haya.

Basi, mwanangu, ukimuuguza mtu au mnyama, mtazame yeye kuliko unavyojitazama wewe. Ukiona unachompa kinamzidishia, acha siku hiyohiyo, nenda kwa anayejua, na umwambie yote uliyofanya. Kukosea kwako kunasameheka, kuficha ndiko kunakoua. Mungu akupe mikono mipole na ulimi usioogopa kuuliza, na kila utakayemuuguza aamke, atembee mbele ya macho yako.