Nyumba Tuliyokwenda Kuiangalia

Juzi nilipita Nchelenge, mji wa kando ya ziwa nilikokulia, nikaona kibao kimefungwa kwa waya getini: nyumba inauzwa. Rafiki yangu, sikuwa na haja ya kukisoma mara mbili. Miguu yenyewe iliingia, maana nyumba ile ilishawahi kuuzwa miaka ya hamsini nikiwa mtoto, na wakati ule pia nilikwenda kuiangalia. Nilikwenda kila Jumapili.

Mwenyewe alikuwa mzungu mnunuzi wa samaki. Alipohama aliiacha tupu, na mlinzi mmoja, mtu wa Kasenga, ng'ambo ya mto Luapula upande wa Kongo, akabaki na funguo. Bibi yangu, aliyenilea, hakuwa na fedha ya kununua hata mlango wake. Yetu ilikuwa ya udongo na nyasi, na mvua ikinyesha tulihamisha mikeka pembe hadi pembe. Lakini Jumapili moja, tukitoka kanisani, bibi alikata kona, akatengeneza kitambaa chake cha kichwa, akabisha geti.

Nyumbani tulisema Kibemba. Kiswahili kilikuwa cha sokoni, cha kupatana bei na watu wa Kongo, na siku ile bibi alikivaa kama nguo ya kazi.

"Tulisikia nyumba iko ya kuuzisha," akamwambia mlinzi. "Tuko naangalia."

Mlinzi aliitazama miguu ya bibi isiyo na viatu, akacheka kidogo, akafungua. Nadhani upweke ulikuwa umemchosha.

Basi ikawa starehe yetu, na haikutugharimu kitu. Bibi alikuja na karanga za kuchemsha, akazila na mlinzi barazani, huku chisense, dagaa wa ziwa letu, wakinuka walikoanikwa mchangani. Mimi na binamu zangu wawili tulikalia gunia tukateleza kwenye sakafu ya simenti nyekundu, kutoka mlangoni mpaka ukutani. Tukichoka tulilala kifudifudi, matumbo wazi kwenye ubaridi ule. Halafu tuliimba nyimbo za kanisani, maana chumba kitupu kilizifanya sauti zetu tatu kuwa kwaya nzima.

Bibi hakusahau biashara. Alipita chumba hadi chumba akitoa kasoro, uso mkavu. "Jiko iko ndani ya nyumba. Moshi itapita wapi?" Choo cha ndani kilimuudhi zaidi. "Mutu anakula hapa, mwenzake iko pale?" Mlinzi naye alijitetea kana kwamba ndiye aliyejenga. Kila mara tuliondoka tukisema tutarudi kuangalia tena.

Tatizo ni kwamba mimi niliamini. Nilikuwa nimeshachagua chumba changu, kile kidogo chenye dirisha la ziwani, ambako mitumbwi ya kisiwa cha Chisenga ilionekana ikija na samaki. Kila mvua ilipotuhamisha na mikeka yetu, nilijipa moyo kwa chumba hicho.

Jumapili moja tulikuta mapazia madirishani. Mchuuzi wa samaki kutoka Kasenga alikuwa ameinunua. Kilio kilinishika palepale getini. Bibi akabisha vilevile, na mke wa mchuuzi akatoka.

"Mama, nyumba ilisha kuuzishwa," akasema kwa upole.

"Tunajua," bibi akajibu. "Tulikuya kuangalia kama inakukalia muzuri."

Mama yule alicheka mpaka akashika mlango. Akatuita ndani, akatupa chai, na bibi akamwonyesha dirisha linaloingiza mvua na mlango unaokwama. Lakini viti vilijaa sakafu yote, na kuteleza kukaishia hapo. Chumba changu kilikuwa na magunia ya chumvi ya samaki, yamepangwa hadi dirishani.

Nililia njia nzima. Bibi akaniambia kwamba kama nyumba ile ingekuwa yetu, saa hiyo tungekuwa tunaifagia. Akaongeza kwamba nisiwe na wasiwasi, chumvi haiozi, itanitunzia chumba. Nilimchukia kidogo kwa kunitania vile.

Sasa bibi hayupo, wala mlinzi, na pale walipoanikwa chisense pamejengwa vibanda. Anayeuza ni mjukuu wa mchuuzi. Alinifungulia vyumba vitupu, nikavua viatu. Sakafu imepasuka, ila wekundu wake upo, na ubaridi ni uleule. Katika chumba kidogo plasta imebanduka chini kote, na ukuta umetoa unga mweupe. Niliugusa kwa kidole, nikaonja. Ilikuwa chumvi. Nilisimama hapo nikicheka peke yangu, macho yamejaa machozi.

"Mama, mutanunua?" kijana akaniuliza. Safari hii akiba ninayo.

"Tuko naangalia," nikamwambia. "Siku ya Mungu, kanisa ikiisha, nitarudia na bajukuu. Lakini hii chumba kidogo, musiipake rangi."