Seva Iliyorudi Jumatatu

Ipo wiki moja, mwanangu, ambayo hata leo naisimulia kwa shida. Umekuja ofisini kwangu kujifunza kazi, na jana nilikuona ukibofya kitufe cha kurudisha mashine nyuma bila hata kupepesa jicho, kisha ukanitazama ukitabasamu. Sikukugombeza mbele ya wenzako. Leo funga mlango, kaa, unywe chai, nikwambie kwa nini jana nilitoka nje ghafla.

Na usinicheke nikijiita mzee. Katika kazi hii ya kompyuta mtu aliyefika umri wangu ni nyanya kabisa, hata kama nyumbani bado naitwa msichana na shangazi zangu.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na minane. Nilikuwa nimetoka Kisii na cheti changu, nikaajiriwa katika ofisi ndogo ya wakulima wa chai hapa Kericho mjini. Tulikuwa watu kumi na mmoja. Intaneti ilikuwa ya kusuasua, kwa hiyo meneja akataka barua pepe zetu zikae papo hapo ofisini. Nikamtengenezea. Chini ya meza yangu kulikuwa na kompyuta moja kubwa, na ndani yake nikaunda kompyuta nyingine isiyoshikika, ya programu tupu, hii tunayoiita mashine pepe. Hiyo ya ndani ndiyo iliyokuwa seva yetu, yaani posta yetu. Kila barua iliyoingia au kutoka ilipitia humo, na ufunguo ulikuwa kwangu peke yangu. Nilijiona sana! Nikipita kwenye korido ungedhani jengo ni langu.

Uzuri wa mashine ya namna hiyo ni kwamba unaweza kuipiga picha. Sisemi picha ya simu. Unabofya, nayo inahifadhi hali yake yote ya dakika ile. Ikiharibika kesho, unaiambia irudi kwenye picha, nayo inaamka ikiwa vile vile ilivyokuwa. Mimi niliipiga picha kila Jumatatu asubuhi na kujihesabu salama. Nakala nyingine, mahali pengine, sikuwa nayo hata moja.

Meza iliyopakana na yangu ilikuwa ya Mama Faith, karani wetu wa mapokezi, mtu wa Nyakach. Ndiye aliyenipokea nilipofika mji huu bila kumjua mtu. Alinitafutia nyumba ya kupanga na kunipa sufuria mbili za kuanzia maisha. Binti yake, Faith, alikuwa amemaliza shule na kuomba nafasi ya kusomea uuguzi katika chuo kimoja huko Nakuru. Mwaka mzima alikuwa amemuuguza nyanya yake aliyepooza, akimgeuza kitandani, akimwosha, akimlisha uji kwa kijiko, na hapo ndipo akasema kazi ya maisha yake ni hiyo. Hakuomba chuo kingine wala kozi nyingine.

Jumatatu ya wiki hiyo nyanya akafariki. Mama Faith akaja ofisini kuomba ruhusa ya wiki moja, kisha akanishika mkono.

"Moraa, ile imeli ya chuo inaweza kuja wiki hii. Huko nyumbani mtandao hakuna, na simu yangu ni ya kupiga tu. Fungua sanduku langu kila siku. Ukiona kitu, nipigie, hata kama tuko kaburini."

"Mama Faith, hiyo niachie mimi."

Nilisema hivyo kwa kinywa changu mwenyewe, na nilimaanisha.

Jumatano saa nne asubuhi barua ikaingia. Nikaifungua. Faith amepata nafasi! Kulikuwa na fomu ya kujaza na kutia sahihi, na ilitakiwa kurudi chuoni kabla ya Ijumaa saa sita mchana, la sivyo nafasi itapewa mwingine. Nikapiga kelele kwa furaha, "Faith amepata!" Mzee Sigei, tarishi wetu, alikuwa mlangoni akifunga vifurushi vya kupeleka kiwandani Mogogosiek, ambako angekaa siku mbili. Akavua kofia akacheka. "Kongoi," akashukuru kwa lugha yake. "Huyo mtoto Mungu amemwona." Kisha akabeba vifurushi vyake akaenda zake.

Nilipaswa kuinua simu dakika ile ile. Simu ilikuwa mezani, karibu na kikombe changu! Lakini nilikuwa nimepanga kuweka toleo jipya la programu ya posta saa ya chakula, maana meneja alikuwa Mombasa kwenye mnada wa chai na nilitaka akirudi akute mambo mapya. Nikajiambia nitampigia Mama Faith nikimaliza, nimpe habari nikiwa nimetulia.

Programu mpya ikagoma. Kufika saa nane barua zilikuwa haziingii wala hazitoki, na meneja alikuwa akinipigia kila baada ya dakika tano kwa sababu kuna ujumbe aliokuwa akiungoja. Nikakumbuka picha yangu ya Jumatatu. Nikabofya. Mashine ikazimika, ikawaka, na barua zikaanza kuingia tena. Meneja akasema kazi nzuri. Nami nikajipigia makofi peke yangu pale mezani.

Kisha nikafungua sanduku la Mama Faith, niisome barua ya chuo vizuri kabla ya kumpigia.

Barua haikuwepo.

Nikafikiri ni macho. Nikatafuta kwenye takataka, nikatafuta kwa jina, nikatafuta kwa tarehe. Nikafungua sanduku langu: barua ya mwisho kabla ya hitilafu ilikuwa ya Jumatatu asubuhi. La meneja, Jumatatu. La mhasibu, Jumatatu. Mwanangu! Ofisi nzima ilikuwa imerudi Jumatatu! Na mashine haikuwa imekosea kitu, ilifanya nilivyoiambia. Barua za watu kumi na mmoja, tangu Jumatatu hadi mchana ule, zilikuwa kana kwamba hazijawahi kufika. Ungeiuliza mashine, ingekuapia kwamba chuo hakijaandika. Aliyejua kwamba kimeandika ni mimi peke yangu, au ndivyo nilivyodhani.

Wenzangu niliwaambia mtandao umesumbua, na kwamba wanaongoja barua wawaombe waliowaandikia watume tena. Wakanung'unika, wakafanya, yakaisha. Hata barua ya Faith ingepatikana kwa njia hiyo hiyo. Lakini kumwambia Mama Faith kulimaanisha kukiri kwamba niliiona, nikaiacha ikae, kisha nikaipoteza kwa mkono wangu. Hilo lilinishinda.

Alhamisi saa mbili asubuhi simu ikalia. Nilisikia watu wakiimba, na nyundo za wanaosimamisha hema.

"Moraa, chuo wameandika?"

Nilikuwa nimeshapata programu ya kuchimbua vilivyofutwa kwenye diski, na niliamini kabisa kwamba kufika mchana nitakuwa nimeipata ile barua, nimpigie kwa furaha, asijue kitu.

"Bado, Mama Faith."

"Sawa, mwanangu. Tunazika kesho. Utuombee."

Akakata. Mimi nikabaki nimeshika simu, nikishangaa jinsi neno lile lilivyotoka kirahisi. Siku nzima nikachimbua diski. Nilipata vipande vya majina ya watu na nusu ya tangazo la mkutano wa wakulima. Barua ya Faith sikuipata, na sikumpigia.

Ijumaa, saa nne ikikaribia, Mzee Sigei akaingia kutoka Mogogosiek, bado ana vumbi la safari. Akaniuliza huku anacheka:

"Enhe, Moraa! Mama Faith alisema nini aliposikia? Alilia?"

Nilikuwa nimemsahau kabisa. Nilimtazama, kisha machozi yakanitoka mimi. Nikamweleza yote. Mambo ya mashine nadhani hakuyaelewa sana, lakini nilipofika kwenye simu ya Alhamisi alinikatiza.

"Wewe ulimwambia bado?"

"Nilikuwa naitafuta, Mzee."

"Sijakuuliza hiyo. Alikuuliza barua imekuja, wewe ukasema bado?"

"Ndiyo."

Sijawahi kuona mtu akishtuka vile. Alivuta kiti akakaa bila kukaribishwa, yeye ambaye hakukaa hata mbele ya karani.

"Sikia," akasema. "Zamani nilikuwa nabeba barua na baiskeli. Siku moja mto umejaa, nikalazimisha kuvuka, mfuko ukaenda na maji. Barua ya watu wengi. Nilienda nyumba kwa nyumba, nguo ikiwa bado maji, nikiwaambia, barua yako imeenda na mto, ni makosa yangu, tafuta aliyekuandikia atume ingine. Wengine walinitukana. Mmoja alitoa fimbo. Lakini hakuna mtu aliachwa nyumbani akingoja barua ambayo mimi najua imeenda. Wewe umemwachia mama wa watu angoje, na ana maiti nyumbani. Piga simu. Piga sasa, mimi nikiwa hapa."

Nikapiga. Nikasema yote kwa pumzi moja, hata ile "bado". Upande wa pili nikasikia mchungaji akihubiri kwa mbali. Kisha nikamsikia akiita, "Faith! Faith, kuja haraka!" kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ni yake.

Nikapiga chuoni. Mama wa ofisi ya usajili wala hakukasirika. Alinisikiliza, akaniambia, "Barua za watu hupotea kila siku, dada. Mngepiga hata jana ningewatumia fomu nyingine na kuwaongezea muda mpaka Jumatatu. Lakini leo orodha imeshaenda kwa mkuu wa chuo, na ikifika saa sita hatungojei mtu. Natuma fomu sasa hivi, jaribuni."

Jana! Nilihisi kama nimepigwa kofi. Jana nilikuwa hapa hapa, na simu ni hii hii.

Fomu ikafika, nikaituma kwa saiba, duka la intaneti lililo karibu na kwao, kule Sondu. Faith akatoka kwenye matanga akiwa na nguo zake za mazishi, akapanda bodaboda kwenye tope, akafika saiba, akajaza, akatia sahihi, ikaskaniwa, ikatumwa kwangu. Nikaipeleka chuoni sekunde ile ile. Ilikuwa saa sita na dakika kumi na nne. Baada ya muda mfupi jibu likaingia katika sanduku la Mama Faith, na seva yangu ililileta bila kasoro yoyote. Samahani, nafasi imejazwa.

Na bado sijakwambia lililonichoma zaidi. Faith aliporudi nyumbani, alikuta wameshamaliza kumzika nyanya yake. Mchungaji alikuwa na mazishi mengine, hawakuweza kumngoja. Mtoto aliyemwosha yule bibi mwaka mzima hakumwona akiteremshwa kaburini, kwa sababu alikuwa saiba akikimbizana na dakika ambazo mimi nilizila.

Jumatatu Mama Faith akarudi kazini. Nilikuwa nimesimama kando ya meza yake tangu saa moja na nusu, na maneno yangu ya kuomba msamaha nimeyapanga. Hakuniacha niyamalize. Aliweka mkoba chini, akanitazama, akasema polepole, "Moraa, mambo ya mashine siyajui, na mashine sina kesi nayo. Hata kusahau kunipigia, mtu anaweza kusahau. Lakini Alhamisi nilikuuliza."

Akakaa akawasha kompyuta yake. Miaka sita tuliyofanya kazi pamoja baada ya hapo alinisalimu kila asubuhi, na jambo lile hakulitaja tena. Mara nyingi nilitamani anitukane.

Faith anafundisha shule ya chekechea siku hizi. Watu huniambia anaipenda kazi yake, na wananiambia hivyo ili nipate kutulia. Uuguzi hakuusomea. Mwaka uliofuata aliitwa kuomba tena, akakataa.

Sasa nisikilize, mwanangu. Ile picha ya mashine si akiba. Iko ndani ya mashine ile ile, na ukiirudia unafuta kila kilichoingia tangu ulipoipiga. Barua za watu ziwe na nakala kila siku, kwenye chombo kingine, katika chumba kingine, na mara moja moja ujaribu kuirudisha nakala hiyo uone kama inaamka. Kabla ya kurudisha mashine nyuma, simamisha mkono, toa kwanza barua zilizoingia, uziweke kando. Ukipewa habari ya mtu, mfikishie kwanza, kazi yako itangoja. Hayo utayafundishwa hata na vitabu.

Lakini hili nakupa mimi. Utaharibu kitu siku moja. Utaharibu tu, kila mwenye kazi hii huharibu. Siku hiyo usitafute kwanza njia ya kurekebisha kabla hujajulikana. Mwendee mwenye kitu, umwambie nimekiharibu, ukiwa bado unatetemeka. Atakufokea, na utastahili. Ila utakuwa umemwachia saa zake azitumie anavyojua, maana saa hizo ni zake, si zako. Mimi nilimnyima Mama Faith siku moja tu, na hakuna mashine niliyowahi kuijua inayoweza kumrudishia.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe mikono yenye uangalifu, na siku mikono ikikosea, akupe ujasiri wa kusema kabla hujaulizwa. Watu wakuamini na barua zao, na usiwahi kumtazama mtu asubuhi ukijua unachomficha. Haya, maliza chai yako. Kisha nenda ukatafute, uje uniambie, kwa majina, ni barua za nani zilizoingia jana kabla hujabofya.