Tundu la Sita

Anayetaka kucheka acheke sasa, amalize, kisha anisikilize. Haya sikuhadithiwa wala sikuyaota. Yamenifika mie mwenyewe, Chake Chake mjini, juu ya lami, taa za barabarani zishawaka. Na ukiniuliza mbona kisa cha mashetani kina chaja ya simu ndani yake, nami nitakuuliza: kwani wewe ulidhani wao bado wanakaa mapangoni?

Mie ni dalali. Nauza vespa zilizotumika, viwanja, mbuzi, chochote ambacho mwenyewe kakichoka. Kazi yangu ni kutoamini. Kitu nikikinunua nakihesabu mara mbili, mara ya kwanza mbele ya muuzaji, mara ya pili akishageuza uso. Kwa hiyo usinione mtu wa kubabaishwa.

Nyumba yetu iko Vitongoji. Soketi zimejaa ukutani, lakini inayofanya kazi sawasawa ni ile moja ya ukumbini, na hiyo tulikuwa tunaigombania kama warithi. Simu yangu, simu ya mke wangu Zuwena, kisimu kidogo cha mama yangu, tableti ya binti yetu Nassra ya masomo, na taa ya kuchaji ya siku za giza. Zamani tukicheka. Safari hii Zuwena alikuwa na mimba iliyokaribia, na mbili kabla ya hiyo ziliharibika. Mkunga alishatwambia, dalili yoyote pigeni simu mje, msikae kungoja. Basi simu yake haikutakiwa kuzimika hata dakika.

"Baba Nassra," akanambia asubuhi ile, "mie nikishikwa na uchungu nikupigie kwa nini? Kwa mwiko?"

Nikaenda mjini kutafuta chaja moja ya matundu mengi, zile za kuchaji haraka.

Nilianzia kwa Mzee Kanji, Mhindi wa vifaa vya umeme, ambaye Kipemba chake kimenyooka kuliko changu. Akanitolea ya matundu matano: mawili madogo ya mviringo kwa simu za siku hizi, matatu mapana kwa za zamani. Ubavuni imeandikwa wati mia.

"Kila tundu mia?" nikamuuliza.

"Yakhe! Weye dalali mzima unauliza hivyo? Mia ni za wote. Ukichomeka simu moja, inajitwalia. Ukichomeka tano, zinagawana. Anayekwambia kila tundu linatoa mia anakuuzia plastiki. Moto hauzaliwi ndani ya chaja, bwana. Ukizidi hapa, ujue kuna pahala umepungua."

Akanipa niipime mkononi, maana ya bandia huwa nyepesi kama ganda la yai. Akanambia pia kwamba nzima ikifanya kazi hupata joto kidogo. Ikikuunguza, itupe. Somo zuri, na la bure. Tatizo lilikuwa bei. Alitaka elfu arobaini na tano, nikampa thelathini. Akacheka, nikacheka. Akamtaja mama yake, nikamtaja wangu. Tukashuka na kupanda mpaka tukakwama kwenye tofauti ya elfu tatu, hapo kila mmoja akawa jiwe. Nikafanya tufanyavyo: nikaondoka, polepole, ili aniite.

Hakuniita. Adhana ya Magharibi ikaingia, na nyuma yangu nikasikia mlango wa bati unashuka. Mzee Kanji si Muislamu, lakini saa hiyo naye hufunga kama wengine, kwa sababu kwetu Magharibi hakinunuliwi kitu. Watoto huingizwa ndani, milango hurudishwa, wanaume wako msikitini. Wazee hutwambia kuwa wateja wa saa hiyo si sisi. Nilikuwa nayajua yote hayo. Ila nilikuwa na hasira ya elfu tatu, na hasira ya elfu tatu, niamini, ni mbaya kuliko ya laki.

Ndipo nikamwona. Alikuwa amekaa kwenye baraza ya duka ambalo halijafunguliwa tangu mwenyewe ahamie Unguja. Kanzu safi, kofia ya vito ya kushonwa kwa mkono, katandika shuka jeupe mbele yake, na juu ya shuka chaja tupu zimepangwa. Zote taa zake zinawaka. Waya sikuuona. Nikajisemea, ana betri chini ya shuka, mjanja huyu.

Najua unangoja niseme nilitazama miguu nikaona kwato. Sikutazama miguu. Nilitazama mali.

Nikaokota moja. Nzito. Nikahesabu matundu: matano. Nikajifanya nakohoa, nikahesabu tena: matano. Nikamtajia elfu kumi na tano, bei ya kumtukana.

"Nimekuuzia," akasema.

Basi? Hivyo tu? Bei ya kwanza ikikubaliwa papo hapo, dalali hapati usingizi, anajua angeweza kushuka zaidi. Kwa hiyo nikafanya ninalofanya kila siku nikinunua, hata nikinunua ndizi.

"Nitilie nyongeza," nikasema.

"Nyongeza ya nini?"

"Chochote, mzee wangu. Nisitoke mkono mtupu."

"Chochote?" Aliuliza taratibu, kama anayetaka nisije nikasema sikusikia.

"Chochote."

"Nimekutilia."

"Nimenunua," nikasema, na mambo yakawa yamekwisha kisheria.

Nyumbani chaja ile ilikuwa maajabu. Vitu vyote vitano vikachomekwa pamoja na hakuna kilichogombana na mwenzake. Simu ya Zuwena ilikuwa imekufa kabisa, hatujamaliza chai ishajaa. Mama akasema, leo umenunua kitu. Nikavimba kichwa. Halafu umeme ukakatika, kijiji kizima, na sisi tukiwa gizani tukaona taa za chaja bado zinawaka. Tableti ya Nassra bado inapanda.

Nassra akapiga makofi. Na mie, nisikufiche, nilifurahi. Moto wa bure! Nilikuwa tayari napiga hesabu nitaikodisha kwa jirani gani kwanza.

"Baba Nassra," Zuwena akasema kutoka kwenye mkeka. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mtoto hachezi. Tangu ulipoichomeka hiyo hachezi."

Nikaenda kuichomoa. Ilikuwa baridi kama samaki wa kwenye barafu. Nikachomoa waya zote, nikaitoa ukutani, nikaishika mkononi haijaunganishwa na kitu. Taa tano zikazimika. Moja ikabaki.

Nikahesabu matundu. Sita. Nikahesabu tena kwa kidole. Sita. La sita lilikuwa pembeni, dogo, si la mviringo wala si pana, hakuna waya duniani unaoingia humo. Na taa yake haikutulia. Ilikuwa inadunda, mbio mbio.

Mama akatambaa mpaka kwa Zuwena, akaweka kiganja juu ya tumbo, macho kaitolea ile taa. Akahesabu kwa midomo, mdundo kwa mdundo. Kisha akanambia, "Umenunua saa ngapi kitu hiki?"

"Magharibi."

"Na uliomba nyongeza?"

Mama ananijua.

"Kirudishe kwa aliyekuuzia, saa ile ile, pahala pale pale. Na nakuomba, mwanangu, usende kule ukashindana bei."

Usiku huo tukampeleka Zuwena hospitali. Mkunga akaweka kifaa chake tumboni, akahamisha hapa, akahamisha pale, akasema moyo upo lakini unapiga kwa mbali. Wamlaze, wamtazame mpaka kesho jioni, daktari aamue. Mie nilikaa nje na chaja mfukoni, nimeifunga kwa kanga ya mama, na kupitia nguo nikihisi inavyodunda pajani mwangu. Unajua maana ya kutembea na moyo wa mwanao mfukoni, na hujui uushike kwa nguvu au kwa ulaini?

Mchana niliipeleka kwa Mzee Kanji. Aliifunua kanga, akaisogezea kiganja kwa juu, hakuigusa.

"Inafanya kazi na ni baridi," akasema. "Basi haitoi, inatwaa. Ondoka nayo dukani kwangu, ndugu yangu. Ile yangu ichukue bure. Chukua, usinilipe." Mzee Kanji kutoa kitu bure! Hapo ndipo nilipoogopa kikweli.

Magharibi ikaingia. Milango ya bati ikashuka mmoja baada ya mwingine, barabara ikabaki nyeupe. Alikuwa pale pale, na shuka lake.

"Nimekuja kurejesha," nikasema.

"Ina kasoro?"

"Haina."

"Inachaji?"

"Inachaji."

"Basi unarejesha nini, mjukuu wangu?"

"Nyongeza."

Akacheka bila sauti. "Nyongeza uliiomba mwenyewe. Mie sikukutembezea."

Mama alinikataza, lakini ulimi wa dalali hausikii la mama. Nikamwambia nampa vespa yangu. Akatikisa kichwa. Nikaongeza kiwanja changu cha Vitongoji, chenye mikarafuu. Akapiga miayo. Mfukoni ile taa ilikuwa imeanza kuruka mapigo. Inapiga, inanyamaza. Inapiga, inanyamaza zaidi. Nikaacha kuhesabu. Nikapiga magoti kwenye baraza.

"Taja wewe," nikamwambia. "Utakalotaja."

"Nipe mkono."

"Mkono wa nini?"

"Wa kupatana. Si ndiyo kazi yako? Watu wanapatana, wanapeana mkono."

Maisha yangu yote sijawahi kukubali bei ambayo sijaifahamu. Siku ile nilikubali. Nikampa mkono wa kulia, akaushika, na baridi ya ile chaja ikanipanda mpaka begani. Hakuubana. Aliushika kama mtu anayejaribu kiatu.

"Nimerejesha," nikasema, meno yakigongana.

"Nimepokea."

Simu yangu ikalia. Nikaitoa kwa mkono wa kushoto. Alikuwa mama, analia na kucheka: mtoto kapiga teke, kapiga mpaka kifaa cha mkunga kimeanguka. Nikainua uso. Yule bwana alikuwa anakunja shuka lake, na alipoinua mkono kuniaga, nikaona kiganja chake chini ya taa ya barabara. Katikati mlikuwa na kovu refu, lililopinda kwa chini. Kovu lile nalijua. Nililipata nikiwa mdogo, nikifua dafu kwa panga la baba.

Nikatazama kiganja changu. Hakina kovu. Hakina mstari hata mmoja. Laini kama sahani, na vidole vivyo hivyo.

Mtoto alizaliwa wiki ile ile, wa kiume, mwenye kelele. Ukiniuliza kama najuta, sijuti, na leo akiniambia nimpe mkono wa pili nitampa. Lakini sikiliza yaliyobaki.

Simu haikitambui kidole changu. Nilikwenda kusajili laini, yule wa laini akanambia, "Weka kidole, mzee." Nimekiweka. "Kiweke vizuri." Nimekiweka vizuri. Akafuta mashine kwa shati lake mara ngapi sijui, mwisho akanitazama vibaya, akasema mashine inadai hapa hapana mtu. Simu nikiishika kwa mkono ule, chaji inashuka huku naiona, kwa hiyo Zuwena hunishikia sikioni nikizungumza, na majirani wanasema ndoa yetu ina mapenzi. Wacha waseme.

Hayo naweza kuishi nayo. Nisiyoweza ni haya mengine. Alikuja mtu kutoka Wambaa kudai mbuzi tuliyepatana jioni, anasema alinipa mkono, akalihisi kovu langu. Mie Wambaa sijafika mwaka huu. Kisha, juzi, akaja bibi mmoja kutoka Chokocho. Kasimama mlangoni pangu, macho mekundu, ana kitu kakifunga kwenye mtandio. Kanambia mumewe halali wala haamki. Kanambia, "Nakuomba baba, pokea chaja yako, nirejeshee."

Nikamwambia si mie niliyemuuzia. Akaapa ni mie. Sura hii, sauti hii, mkono huu. Nikamfunulia kiganja. Alikitazama, akarudi nyuma hatua kwa hatua, akakimbia na kile kitu chake, na mie sikuweza kumsaidia. Kinachorejeshwa hupokewa na aliyeuza, na aliyeuza anatembea kisiwani na mkono wangu. Tangu hapo sijui mumewe kawaje. Nimeulizia, hakuna anayetaka kunijibu.

Kwa hiyo nakuomba wewe unayenisoma. Kifaa chako nunua mchana, dukani, kwa mtu anayekasirika ukishusha bei. Kikupe joto mkononi. Na kama itatokea unapita Chake, au Wete, au popote, adhana ya Magharibi inaita na mlango wa mwisho umeshafungwa, ukaniona nimekaa barazani mbele ya shuka jeupe, nakuchekea, nakuita kwa jina lako: pita. Usinisalimie. Mie saa hiyo niko nyumbani Vitongoji, nimefunga mlango, nimempakata mwanangu kwa mkono wa kushoto.